Mkongo umeifikia Kanda ya Ziwa, faida imo katika kipande cha mwisho

Na Mwandishi Wetu, Kahama

KATA ya Nyasubi haina mgodi. Ni miongoni mwa kata za mjini katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, na kama ilivyo kwa kata nyingine za mji huo, riziki ya watu wake hutegemea kwa kiasi kikubwa kununua, kuuza, kusafirisha na kuwahudumia wengine.

Pamoja na hayo, ni vigumu kuuzungumzia uchumi wa Nyasubi bila kuitaja dhahabu. Kando ya mji wa Kahama ndipo ulipo mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009. Kaskazini mwa mji uko mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, na mbele zaidi uko mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Katikati ya migodi hiyo wametapakaa wachimbaji wadogo wenye maduara, makarasha na mialo yao, ambao sehemu ya fedha zao huishia katika maduka, nyumba za kulala wageni na vituo vya mabasi vya Kahama.

Mwaka 2021 uzalishaji wa Buzwagi ulifikia kikomo. Serikali na kampuni iliyokuwa ikiuendesha mgodi huo zikaja na mpango wa kuligeuza eneo lake kuwa eneo maalumu la kiuchumi, ili mitambo ya dhahabu irithiwe na viwanda. Hata hivyo, kufungwa kwa mgodi kuliibua swali ambalo miji yote ya dhahabu, Geita ikiwamo, italazimika kulijibu siku moja: madini yakiisha, mji utaishi kwa nini?

Kahama ina jibu ambalo ni la zamani kuliko Buzwagi. Mji huo ni njia panda. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na Burundi kupitia Kabanga, hupita hapo. Mashariki yake iko Isaka, yenye bandari kavu pembezoni mwa reli ya kwenda Mwanza. Mpunga wa Shinyanga na mikoa ya jirani hukobolewa na kuuzwa hapo, na wanunuzi wake hutoka hata nchi za jirani.

Njia panda huishi kwa biashara, na biashara huishi kwa habari: nani ana mzigo, uko wapi, unauzwa kwa bei gani, na malipo yatafikaje salama. Kwa sababu hiyo, miundombinu ya kidijitali, yaani mikongo, minara, mitambo ya kuhifadhi taarifa na mifumo ya malipo inayopita juu yake, si suala la wataalamu wa kompyuta pekee. Kwa mji kama Kahama, ni suala la riziki.

Makala hii inaeleza namna miundombinu hiyo inavyoongeza ufanisi wa uchumi wa eneo, mahali inapokwama, na sababu zinazofanya faida yake isipatikane kwa kuulaza mkongo ardhini pekee.

Mwaka mmoja, miradi mitatu

Mwaka 2009 una nafasi ya pekee katika historia ya karibuni ya eneo hili. Ndio mwaka ambao Buzwagi ilianza uzalishaji. Ndio mwaka ulipozinduliwa mradi mkubwa wa kuyatoa maji Ziwa Victoria, katika chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, na kuyafikisha katika miji ya Kahama na Shinyanga. Na ndio mwaka ambao, mnamo Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma ukiwa umetia nanga Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaongezeka mkongo wa pili, EASSy.

Kabla ya hapo, Tanzania ilitegemea setilaiti ili kuwasiliana na dunia kwa intaneti. Huduma ilikuwa ghali, ya polepole, na uwezo wake ulikuwa mdogo. Migodi mikubwa iliweza kumudu madishi yake yenyewe. Mfanyabiashara wa kawaida hakuweza, na katika vijiji vingi njia ya haraka ya kupeleka ujumbe ilikuwa simu ya upepo au kumtuma mtu.

Ili mawasiliano yaliyofika pwani yapande bara, Serikali ilianza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China. Hadi awamu mbili za mwanzo zilipokamilika mwaka 2012, mkongo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 7,000. Ulikuwa umeunganisha makao makuu ya mikoa na kufika katika mipaka ya nchi za jirani, Rwanda na Burundi zikiwamo. Uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa TTCL, ambayo huuza uwezo wa mkongo huo kwa kampuni nyingine za mawasiliano.

Leo, katika miradi hiyo mitatu ya mwaka 2009, mgodi umekwisha fungwa. Maji na mkongo vimebaki, na kama itakavyoonekana hapa chini, historia ya maji ina mengi ya kuufundisha mkongo.

Ufanisi maana yake nini

Wachumi wanapozungumzia ufanisi wa uchumi wa eneo fulani, hawamaanishi utajiri wake. Mkoa unaweza kuwa na dhahabu nyingi na bado ukawa na ufanisi mdogo. Wanachokitazama ni kiasi cha thamani kinachopotea njiani, kati ya anayezalisha na anayetumia.

Upotevu huo una sura nyingi. Mkulima anauza mpunga kwa bei ya chini kwa kuwa hajui bei ya mjini. Lori linarudi tupu kwa kuwa dereva hakujua kuwa kijiji cha jirani kina mzigo. Mfanyabiashara anafunga duka siku nzima ili apeleke fedha benki. Mchimbaji anasafiri hadi mkoa mwingine kufuatilia leseni. Katika mifano yote hiyo hakuna aliyekuwa mvivu. Kilichopotea ni muda, nauli na nafasi, na hakuna anayenufaika na vitu hivyo vikishapotea.

Mawasiliano hayachimbi dhahabu wala hayalimi mpunga. Kazi yake ni kupunguza upotevu wa aina hiyo, na hufanya hivyo kwa kugusa gharama tatu: gharama ya kutafuta habari, gharama ya kusafirisha fedha, na gharama ya kusubiri.

Bei ya London na bei ya machimboni

Dhahabu ni mfano mzuri wa gharama ya kwanza, kwa kuwa bei yake haipangwi Kahama wala Geita. Bei inayofuatwa na wafanyabiashara wengi duniani hupatikana London kwa mnada unaofanyika mara mbili kwa siku ya kazi, na hutajwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja. Wakia hiyo ya madini ni sawa na takriban gramu 31.1.

Anayetaka kujua thamani ya dhahabu yake anahitaji kujua mambo manne: bei ya wakia siku hiyo, kiwango cha kubadilishia dola kwa shilingi, uzito halisi, na usafi wa dhahabu aliyonayo. Mawili ya kwanza ni habari. Mawili ya mwisho ni vipimo. Asiyekuwa na hata moja kati ya hayo yuko mikononi mwa anayenunua.

Tuchukue mfano. Mchimbaji ana gramu 10 zenye usafi wa asilimia 90, maana yake ni kuwa dhahabu halisi ni gramu 9. Mnunuzi akimwambia kwamba usafi ni asilimia 80, atalipwa kwa gramu 8. Gramu moja nzima, ambayo ni moja ya tisa ya mali yake, imepotea kwa neno moja tu. Kama hajui pia bei ya siku hiyo, hasara ya pili hupandana juu ya ile ya kwanza.

Masoko ya madini yalianzishwa ili kuliziba pengo hilo. La kwanza lilifunguliwa Geita Machi 2019, na mengine yakafuata, likiwamo la Kahama. Katika masoko hayo dhahabu hupimwa uzito na usafi kwa mashine mbele ya muuzaji, mnunuzi na ofisa wa Serikali, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi inayofuata mwenendo wa soko la dunia. Bila mtandao unaoileta bei ya dunia sokoni kila siku, bei elekezi ingekuwa habari ya zamani kabla haijabandikwa ukutani.

Hata hivyo, ni vyema kusema ukweli wote. Mtandao peke yake haukuwavuta wachimbaji kuja sokoni. Mapema mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ambazo ziliifanya njia ya magendo iwe na faida kuliko njia halali. Ulibaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, pamoja na ushuru wa huduma wa halmashauri. Hapa kuna funzo la kwanza: habari sahihi humsaidia mtu kuchagua njia bora, lakini lazima njia hiyo bora iwepo.

Mpunga, lori na simu ya kitochi

Kinachotokea kwenye dhahabu hutokea pia kwenye nafaka, tena kwa watu wengi zaidi.

Utafiti mmoja unaotajwa sana ulifanyika Niger, Afrika Magharibi, nchi ambayo kama sehemu kubwa ya Shinyanga ina ukame na masoko yaliyotawanyika. Mchumi Jenny Aker alifuatilia bei za nafaka wakati minara ya simu ilipokuwa ikienea kati ya mwaka 2001 na 2006. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa tofauti ya bei kati ya soko moja na jingine ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16 mara simu zilipofika. Punguzo lilikuwa kubwa zaidi kwa masoko yaliyo mbali na yenye barabara mbovu.

Maana yake ni nini kwa mnunuzi wa Kahama? Awali alilazimika kusafiri hadi vijijini ili ajue bei. Nauli na siku alizotumia ziliingia katika bei ya mchele. Simu inamwezesha kuuliza masoko matano kabla ya kuwasha gari moja, na inamwezesha mkulima kuwauliza wanunuzi watano kabla ya kufungua gunia moja.

Kazi hiyo haihitaji simu ya gharama kubwa. Utafiti wa Niger ulihusu simu za kupiga na kupokea tu, zile ambazo hapa kwetu huitwa vitochi. Hili ni jambo la kukumbukwa na wanaodhani kuwa uchumi wa kidijitali huanza na kompyuta. Kwa mkulima wa Ushetu au Msalala, huanza na mnara unaoshika na mahali pa kuchajia betri.

Kwa wasafirishaji, habari hupunguza safari tupu. Aidha, tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikitekeleza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambamo ushuru wa mzigo hushughulikiwa mzigo unapoingia bandarini, na taarifa zake hutangulia mpakani kwa njia ya mtandao. Lori likichelewa Rusumo kwa sababu taarifa hazijafika, gharama ya siku hiyo huenda kwa mwenye mzigo, na hatimaye kwa mnunuzi wa Kigali. Likivuka bila kuchelewa, lori hilohilo huweza kufanya safari nyingi zaidi kwa mwaka, bila mtu kununua lori jipya.

Fedha isiyobebwa mfukoni

Gharama ya pili ni ya kusafirisha fedha. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi fedha zilivyotumwa kutoka machimboni kwenda nyumbani: zilifungwa katika bahasha na kukabidhiwa dereva au kondakta wa basi, au alisubiriwa ndugu anayesafiri. Nyingine zilifika, nyingine zilipungua njiani.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kisha kampuni nyingine za simu zikaanzisha huduma zao. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni hizo zilikubaliana kuwaruhusu wateja wao kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kufikia mwaka 2016 mitandao mikubwa yote ilikuwa imeingia katika utaratibu huo. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufika hatua hiyo.

Je, faida yake inaweza kupimwa? Wachumi Nicholas Economides na Przemyslaw Jeziorski walichambua miamala ya simu ya Watanzania, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2017. Waligundua kuwa watu wengi hawakuitumia huduma hiyo kutuma fedha kwa wengine tu. Waliweka fedha kwenye simu, wakasafiri, kisha wakazitoa wao wenyewe walikofika. Wengine waliziweka jioni na kuzitoa baadaye. Walikuwa wakikwepa wezi.

Kwa makadirio yao, mtumiaji alikuwa tayari kulipa takriban asilimia 1.25 ya thamani ya muamala wa kawaida ili asitembee na fedha taslimu kilomita moja zaidi, na asilimia 0.8 ili asilaze fedha nyumbani siku moja zaidi. Kwa muamala wa Sh100,000, hiyo ni Sh1,250 kwa kilomita na Sh800 kwa usiku. Hicho ndicho kipimo cha woga. Katika ukanda wa dhahabu, ambako fedha nyingi hushikwa kwa mkupuo na watu wanaolala katika vibanda vya muda, si vigumu kuelewa kwa nini mtu angelipa kiasi hicho.

Lakini njia ya fedha ni nyepesi tu iwapo tozo zake ni nyepesi. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, iliyokuwa kati ya Sh10 na Sh10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa. Septemba mwaka huohuo tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Hili ni funzo la pili: mtumiaji mwenye kipato kidogo huhesabu kila shilingi, na njia mpya ikiwa ghali hurejea kwenye noti.

Ikumbukwe pia kuwa mtandao wa malipo una watu ndani yake. Wakala aliyekaa chini ya mwavuli ni sehemu ya miundombinu kama ulivyo mnara. Akiishiwa fedha taslimu wakati wa mavuno, au akiishiwa salio siku ambayo rashi ya dhahabu imeibuka mahali, mfumo mzima husimama hapo alipo yeye, hata kama mitambo ya Dar es Salaam inafanya kazi bila dosari.

Foleni iliyohamia kwenye simu

Gharama ya tatu ni ya kusubiri, na kwa sehemu kubwa inahusu Serikali. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakiunganishwa katika mfumo mmoja wa kielektroniki, ambao mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Maombi ya leseni za madini nayo huwasilishwa kwa mtandao. Safari ambayo mchimbaji alilazimika kuifanya hadi ofisi ya madini, kisha benki, kisha ofisini tena akiwa na stakabadhi, sasa huweza kufanyika akiwa ameketi.

Faida hapa ni ya pande mbili. Mwananchi huokoa nauli na siku ya kazi. Halmashauri nayo huona kilicholipwa siku hiyohiyo, na fedha hazipiti katika mikono mingi kabla ya kufika benki. Kwa manispaa ambayo mapato yake hutegemea leseni za biashara, ushuru wa masoko na ushuru wa huduma, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo kalavati la mtaa au darasa la shule.

Lakini pale ambapo mtandao ni wa kusuasua, foleni haikufutwa, imebadilishwa tu. Mwananchi huambiwa mfumo uko chini, arudi kesho. Nauli ya kesho ni ileile ya jana.

Funzo la bomba la Ihelele

Hapa ndipo tunaporudi kwenye mradi wa maji. Bomba kubwa kutoka Ihelele liliileta Kahama maji ya ziwa, jambo ambalo vizazi vilivyotangulia havikulifikiria. Lakini bomba hilo peke yake halikumtua mama ndoo kichwani. KASHWASA huzalisha na kuuza maji kwa jumla. Kuyafikisha majumbani ni kazi ya mamlaka za miji: KUWASA kwa Kahama na SHUWASA kwa Shinyanga. Mtaa ambao mabomba ya usambazaji hayajafika hauna maji, hata kama bomba kuu linapita karibu.

Mkongo nao ni bomba. Mkongo wa Taifa ni wa jumla. Kipande cha mwisho, kinachotoka kwenye njia kuu hadi kwenye mashine ya kukoboa, zahanati, shule, ghala au duka la Nyasubi, ndicho kinachoamua kama kuna faida au hakuna. Katika sehemu kubwa ya nchi kipande hicho hakijengwi kwa waya, bali kwa mnara wa simu. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa watu wote walio chini yake, na wakiwa wengi kila mmoja hupata kidogo.

Ushahidi wa umuhimu wa kipande hicho upo. Wachumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichunguza kilichotokea katika nchi 12 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, baada ya mikongo ya baharini kuwasili. Walilinganisha maeneo yaliyokuwa karibu na njia za mawasiliano za nchi kavu na yale yaliyokuwa mbali nazo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019, walionyesha kuwa ajira ziliongezeka katika maeneo yaliyounganishwa, na ongezeko hilo halikutokana tu na ajira kuhama kutoka maeneo ya jirani. Waliofaidika zaidi ni wenye elimu, lakini hata wasiokuwa na elimu kubwa hawakuachwa nyuma.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana upande wa pili. Ikiwa kuunganishwa kunaleta ajira, basi kutounganishwa ni kuachwa. Mikoa ya Shinyanga na Geita kwa pamoja ilikuwa na zaidi ya watu milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022, na wengi wao hawaishi pembezoni mwa barabara kuu. Mkongo unaweza kuongeza ufanisi wa mji na papo hapo ukapanua pengo kati ya mji na kijiji kinachoulisha.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, uliwekwa kwa ajili hiyo: kuzipa kampuni ruzuku ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Lakini mnara unahitaji umeme, na mtumiaji anahitaji simu anayoweza kuinunua, vifurushi anavyoweza kuvimudu, na uelewa wa kutosha wa kumtambua tapeli anayemwandikia kwamba ile fedha aitume kwenye namba nyingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake wa awali uliwekwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2019, ulilenga kupunguza wizi huo. Hata hivyo, kinga ya kwanza imebaki kuwa tahadhari ya mwenye simu.

Njia moja si njia

Jambo la mwisho ni uimara. Mei 12, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilipoteza sehemu kubwa ya intaneti, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mikongo miwili ambayo mwaka 2009 na 2010 ilionekana kuwa ya ziada ilikatika siku moja. Mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilikosekana nchini kwa siku kadhaa.

Sababu za matukio hayo mawili ni tofauti kabisa, lakini kwa mfanyabiashara wa njia panda matokeo yanafanana: oda haziji, bei haijulikani, mzigo unasubiri. Kadiri uchumi unavyoutegemea mtandao, ndivyo kila saa ya kukatika inavyogharimu zaidi. Eneo ambalo halikuwa na intaneti halikuwa na cha kupoteza. Eneo lililoijengea biashara zake juu yake lina mengi.

Ndiyo maana wahandisi husisitiza njia mbadala: mkongo zaidi ya mmoja baharini, mzunguko wa nchi kavu unaowezesha mawasiliano kuzunguka upande wa pili njia moja ikikatika, na mitambo ya kuhifadhi taarifa ndani ya nchi ili huduma za ndani zisitegemee safari ya kwenda na kurudi ng'ambo. Huduma za fedha kwa menyu ya nyota na reli zina uimara zaidi kwa kiasi fulani, kwa kuwa hupita katika mfumo wa simu wenyewe badala ya intaneti ya mteja. Ni sababu nyingine ya kutokidharau kitochi.

Kipimo kiwe kipi?

Taarifa za maendeleo ya mawasiliano huhesabu kilomita za mkongo na idadi ya minara. Takwimu hizo zina umuhimu wake, lakini hazimwambii mkazi wa Nyasubi kama uchumi wake umekuwa na ufanisi zaidi.

Vipimo vinavyomgusa ni vingine. Mkulima wa kijijini anajua bei ya mpunga ya Kahama asubuhi hiyohiyo? Mchimbaji aliyeko machimboni anajua bei elekezi kabla hajafika sokoni? Malipo ya mzigo yanafika siku ngapi baada ya mzigo kupokewa? Leseni inatoka bila safari ya pili? Wakala ana fedha za kutosha wakati wa mavuno? Majibu ya maswali hayo yanaweza kukusanywa na manispaa yenyewe, bila kungoja mtaalamu kutoka mbali.

Mpango wa kuligeuza eneo la Buzwagi nao hauwezi kutenganishwa na maswali hayo. Mwekezaji anayetafuta mahali pa kujenga kiwanda huuliza umeme, maji, barabara, na siku hizi huuliza mtandao. Lakini kiwanda kimoja chenye mtandao mzuri ndani ya uzio, katikati ya wafanyabiashara wadogo wasiokuwa nao, kitaurudisha mji kwenye hali ileile ya enzi za mgodi, wakati ndani ya uzio kulikuwa na setilaiti na nje kulikuwa na simu ya upepo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ufanisi haujengwi kwa jambo moja kubwa, bali kwa nauli ambayo haikulipwa, siku ambayo haikupotea, gramu ambayo haikudhulumiwa na fedha ambayo haikuibwa. Dhahabu ya Buzwagi ilichimbwa kwa takriban miaka 12 ikaisha. Njia panda ya Kahama haiishi, ila faida yake itawafikia wakazi iwapo kipande cha mwisho cha mkongo kitafikishwa mlangoni mwao, kama ambavyo maji ya Ihelele yalihitaji bomba dogo la mtaani ndipo yakafika jikoni.